Nyongeza Tuliyoingoja

Kompyuta ya mjomba Mfaume ililetwa kwangu na bodaboda, ikiwa ndani ya kiroba cha salfa. Yule kijana aliiweka juu ya meza yangu taratibu, akawasha pikipiki yake, akaondoka. Sikukifungua kiroba siku hiyo wala siku iliyofuata. Harufu ilinitosha.

Ninyi rika langu mliokulia huku kwetu Masasi na Newala, sina haja ya kuwaeleza salfa. Ni ile dawa ya unga wa njano inayopulizwa kwenye mikorosho msimu wa baridi, asubuhi na mapema, kabla upepo haujaamka. Mashine inanguruma mgongoni kwa mpulizaji, wingu la njano linapanda, na mchana kutwa nguo, mboga, hata mate yako yananuka kiberiti kilichozimwa. Kuna watu harufu hiyo inawafurahisha, kwa sababu inawaambia korosho zinakuja. Mimi inanirudishia kaka yangu Issa, na jinsi tulivyokaa juu ya tangi la maji tukingoja kitu ambacho hakikuwepo duniani.

Mjomba alifariki baada ya masika, kwa presha. Walipomaliza arobaini yake, wanawe waligawana nyumba na mikorosho kwa sheria ya dini, kama inavyotakiwa. Lakini wazee wa ukoo wakasema mila nayo ina haki yake: kwetu mpwa ndiye mrithi wa mjomba, na lazima kitu kimoja, hata kiwe kidogo, kivuke kwenda kwa mtoto wa dada yake. Mtoto wa dada aliyebaki ni mimi. Kwa kuwa nina kijiduka cha kuchapa na kutoa kopi hapa Masasi, njia ya kwenda Lisekese, wakaona kompyuta ndiyo itanifaa. Hawakujua wananirudishia nini.

Tulikuwa tunaishi Mkunya, upande wa Newala, mimi, Issa na mama. Baba alikuwepo, ila alishahamia kwa mke mwingine Chiwata, na kwa desturi zetu hilo halikuangusha nyumba, maana mwenye neno juu yetu alikuwa mjomba. Mama alibangua korosho. Mafuta ya maganda yalimbabua vidole vikawa vyeusi na vigumu, na mpaka leo nikishikwa mkono na mtu mwenye kiganja laini naona kama si wa kwetu.

Issa alinitangulia kuzaliwa, lakini kwa kimo nilishampita. Alikuwa na siko seli. Sisi tulisema ugonjwa wa mifupa, kwa kuwa ndimo ulimokaa. Ukimshika, alijikunja mkekani akauma ncha ya shuka ili mama asisikie. Macho yake yalikuwa ya njano. Hapo akili yangu ya kitoto ikapiga hesabu yake: salfa ni ya njano, macho ya Issa ni ya njano, na msimu wa salfa ndio msimu anaoumwa zaidi. Nikaamini salfa imemwingia. Kila mashine zilipoanza kunguruma nilimfunika uso kwa kanga ya mama niliyoilowesha maji, na yeye alinivumilia, kwa sababu alijua ninapenda kumuuguza. Kumbe kilichokuwa kinamwangusha ni baridi ya msimu huohuo, na mimi nilikuwa namwekea maji ya baridi usoni.

Msimu huo pia ndio wa jando. Likumbi, kambi ya wavulana, linajengwa porini na kuzungushiwa uzio wa nyasi na matawi, na yanayofanyika ndani hayasemwi nje. Mwanamke hasogei, nami nikiwamo. Mtoto ambaye zamu yake haijafika hasogei. Mkiuliza mnaambiwa mna mnyama humo, anameza watoto na kuwatapika wakiwa watu wazima. Hakuna mkubwa aliyeona haya kutuambia hivyo. Kumdanganya asiyeingia haikuwa dhambi, ilikuwa ni kulinda mlango.

Lakini kutoka, kila mtu anakuona. Wanatoka wamenyolewa, wamepakwa mafuta, kanzu mpya zimesimama kwa upya wake, miwani ya jua usoni, ngoma mbele, na wamama wanapiga vigelegele mpaka sauti zinakauka. Kila mmoja anatoka na jina jipya. La zamani limebaki ndani, na ukimwita nalo umemtukana. Mama mtu anasimama mbele ya mwanawe kana kwamba hamjui, anauliza, "Anaitwa nani sasa?" Na mtoto anajitaja, kwa sauti nzito aliyokwenda kujifunza huko. Nyumbani kwetu jina hilo huchaguliwa na mjomba.

Wenzake Issa walipoanza kuorodheshwa, naye alijiweka humo. Kutahiriwa alishatahiriwa hospitali akiwa mchanga, kwa hiyo hapakuwa na kisu cha kuogopa. Kilichobaki ni kulala chini, kuoga alfajiri, kucheza ngoma mpaka miguu ife ganzi, yaani yote ambayo mwili wake haukuyaweza. Mjomba alikuja Ijumaa baada ya swala, kama kawaida yake, akaegesha pikipiki na kuketi kwenye kigoda.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Mifupa inasemaje?"

"Imenyamaza. Mjomba, mwaka huu nitoke na wenzangu."

Mjomba alimshika kifundo cha mkono, akakipima kwa vidole viwili kama mtu anayenunua kuku. "Daktari amekataa baridi. Mwakani, Mungu akipenda."

"Na mwaka jana ulisema mwakani."

"Nilisema. Na mwakani yenyewe ikakukuta upo, si ndiyo?"

Issa aligeukia ukuta. Mama alikuwa mlangoni na ungo wake wa korosho, na hakuinua uso. Hakuna hata mmoja kati yetu aliyethubutu kusema kwamba mjomba amekosea, kwa sababu hakukosea. Kama angemruhusu, huenda tungemzika mapema zaidi. Sijui. Nimelipindua jambo hilo kila upande na bado silijui.

Ijumaa iliyofuata mjomba alikuja na kompyuta. Alikuwa fundi simu Newala mjini, na mashine hiyo aliipata kwenye shule moja iliyokuwa inatupa kompyuta zilizoliwa na virusi. Aliifuta yote, akaweka mfumo unaoitwa Linux. Alituambia hiyo ni ya bure, tena si bure ya wizi. Walioitengeneza wenyewe wamesema chukua, fungua, tazama ndani, rekebisha unavyotaka, mpe na mwenzio. "Hakuna siri humu," alisema, akigonga kioo kwa kucha. Nililiamini neno hilo kama lilivyo, na ndilo lililonipoteza.

Alichotaka kutuwekea ni programu ya kutengenezea michezo, ya bure nayo, ili Issa apate cha kumshughulisha wenzake wakiwa porini. Tulikaa juu ya tangi. Mkunya iko juu mlimani, maji hayachimbiki kirahisi, kwa hiyo mwenye uwezo kidogo hujenga tangi la saruji la kukingia mvua, limezama ardhini, na mgongo wake ndiyo baraza yake. Mgongo wa tangi letu ulikuwa pia mahali pekee nyumbani palipokuwa na mtandao. Mjomba aliiweka simu yake pale juu, akaiunga na kompyuta, akafungua dirisha jeusi lenye maandishi meupe na kuanza kuandika amri. Mashine ikamwomba neno la siri. Alibonyeza vitufe na hapakuonekana kitu, hata nukta.

"Mbona haiandiki?" nikauliza.

"Inatazama pembeni," alisema. "Ina adabu kukushinda wewe."

Kisha ikakataa. Programu ilitaka kitu kingine kiwepo kwanza, na hicho nacho kilitaka chake, na hicho chake kilitaka kingine tena. Mjomba alicheka. "Kama kupeleka posa kwetu huku. Unamtaka binti, unaambiwa kamwone mjomba wake. Mjomba naye anasema yuko mjomba mkubwa, yupo Kitangari." Issa alicheka pia, na mama akainua uso kutazama ni nani anayecheka. Kimoja kimoja vikashuka, na programu ikafunguka. Ulikuwa uwanja mtupu wa miraba, kijivu, unaongoja uuambie kitu.

Wiki zile, nikizitenga na yaliyofuata, zilikuwa nzuri kuliko zote nilizowahi kuishi. Issa alikuwa na mkono wa kuchora. Alichora mikorosho ya Mkunya mraba kwa mraba, mabibo mekundu chini yake, tangi letu, mama na ndoo yake. Mimi nilikuwa nachapa, kwa sababu vidole vyake vilikuwa vinavimba. Tulitengeneza mtoto mdogo wa kutembea humo, mwenye kaptula ya bluu, na programu ikatuuliza jina lake. Kwenye kisanduku tayari palikuwa pameandikwa Mchezaji, mpaka wewe uweke lako. Nikaanza kuandika Issa.

"Futa," alisema. "Hilo la utotoni. Liache kama lilivyo, tutaliandika nikitoka."

Halafu akamgeukia mjomba, akasema kwa utaratibu kabisa, kama mtu aliyelifikiria siku nyingi: "Mjomba, nitengenezee likumbi humu. Nitokee humu."

Mjomba akasema tutaona.

Ile programu ilikuja na mambo machache tu. Ukitaka zaidi kulikuwa na nyongeza, vipande vidogo vilivyotengenezwa na watu wengine, ambavyo unavishusha kutoka kwenye intaneti na kuviunga. Nyongeza ya kwanza aliyotuwekea ilikuwa ya sauti. Issa alipiga ndoo ya bati kwa vijiti, tukamrekodi kwa simu, na mtoto wetu wa bluu akapata ngoma. Kisha Issa akamwita mama.

"Mama, piga kigelegele. Cha kunitolea."

Mama aliona aibu. Alifuta mikono kwenye kanga, akatazama njiani kama kuna mtu, akasema watu watadhani ana wazimu, kupiga kigelegele mchana mkavu bila harusi. Issa alimshikia simu mdomoni na kumtazama kwa macho yake ya njano. Mama akapiga. Kilitoka chembamba mwanzoni, kisha kikapanda, kirefu, na alipomaliza alirudi haraka kwenye korosho zake bila kututazama.

Mjomba alichora uzio. Aliuchora vizuri, matawi na nyasi, pembeni kabisa mwa kijiji chetu cha miraba, na akaweka mlango. Issa akamtembeza mtoto wa bluu kupita mikorosho, kupita tangi, mpaka mlangoni. Mtoto akagota. Akatembea pale pale, miguu inakwenda, mwili hauendi.

"Haufunguki," alisema Issa.

"Bado," mjomba akajibu. "Huo mlango una nyongeza yake. Haijashuka."

Niliwasikia baadaye, yeye na mama, nyuma ya jiko. Mama alisema, "Mfungulie tu, Mfaume, ni picha." Mjomba akasema, "Dada, atatokaje asikoingia? Tena mbele yenu wanawake?" Mama akasema tena kwamba ni picha. Mjomba akasema kuna mambo hayana picha. Mimi, kwa akili yangu, nikaelewa kwamba bando limekwisha na mjomba anaona haya kusema. Sikuyaunganisha mambo. Alikuwa ameniambia kwa kinywa chake hakuna siri humu, na kama hakuna siri, basi kinachokosekana ni kipande, na kipande kinashuka.

Tukaanza kungoja. Kila Ijumaa mjomba aliweka simu juu ya tangi, akafungua lile dirisha jeusi, akaandika amri, na mstari ukaanza kujaa kutoka kushoto kwenda kulia. Sisi tuliutazama mstari ule kama watu wanaotazama chungu. Ukifika mwisho, Issa alimpeleka mtoto mlangoni, na mtoto aligota. "Si yenyewe hiyo," mjomba alisema, akikuna shingo. "Yenyewe ni kubwa, ina foleni." Leo natumia mashine hizo kila siku na ninajua kilichokuwa kinashuka. Yalikuwa masasisho ya kawaida, yale ambayo kila kompyuta inayaomba. Ngoja ngoja huumiza matumbo, wanasema, na mjomba aliujua msemo huo kuliko sisi. Alikuwa anatupiga danadana kwa mapenzi, akidhani mtoto atasahau, au likumbi litavunjwa, au mwakani itafika. Mlango uleule aliokuwa anaulinda kwa wasioingia aliulinda kwa Issa, na uongo ukawa uleule wa mnyama anayemeza watoto, ila huu ulikuwa na mstari unaojaa.

Wenzake walikuwa porini. Asubuhi, upepo ukigeuka, nyimbo zao zilitufikia pamoja na salfa. Issa alikaa amejifunika blanketi akipigapiga midundo kwenye goti.

Alianguka katikati ya wiki, siku ambayo mjomba hakuwepo. Maumivu yalianzia mgongoni yakahamia kifuani, na safari hii hakuuma shuka. Alilia tu, na kule kutouma shuka kulinitisha kuliko kilio chenyewe. Mama alituma mtu kutafuta gari. Tulipokuwa tunangoja alinivuta mkono.

"Zai, imefika wapi?"

Kompyuta ilikuwa imezimika, betri haina kitu, imelala ndani ya kiroba chake. "Inakaribia," nikasema.

"Ikimaliza usiingie. Wewe mwanamke." Akavuta pumzi. "Mimi naingia tu kidogo, natoka. Mwambie mama akae karibu."

Gari lilikuja, likampakia yeye na mama. Nilibaki na jirani. Aliporudi mama alikuwa amekaa mbele na dereva, na nyuma hapakuwa na mtu aliyekaa.

Walimzika kama anavyozikwa mtoto, na kama Issa. Shehe alilitaja jina hilo, na watu waliokuja kutoa pole walilitaja, na mimi kila nilipolisikia nilisikia tusi. Wenzake walitoka likumbini muda mfupi baadaye. Ngoma ilipita njia ya nyumbani kwetu kwa sababu njia ni hiyo moja. Wapigaji walinyamaza walipofika kwenye ua wetu, wakaanza tena walipovuka. Mjomba alikuwa amekaa juu ya tangi. Aliwatazama wote mpaka wakaisha, akaingia ndani, akachukua kompyuta na kiroba chake, akaondoka nayo. Hakuitaja tena mpaka anakufa, na sisi hatukumuuliza. Ijumaa aliendelea kuja. Alikaa kwenye kigoda, akaulizia korosho, akaondoka.

Nilikua, nikachezwa unyago wangu, nikajifunza na mimi kunyamazia ya ndani. Kwa hiyo msidhani ninamlaani mjomba. Najua siri ni nini. Najua kuna mambo ukiyasema yanakufa, na watu wenye mambo hayo hufa kidogo nayo. Nilimwelewa kabisa. Kumwelewa hakukunisaidia kitu.

Nilifungua kiroba wiki iliyopita, mchana, dukani hapana wateja. Unga wa njano ulikuwa umeingia katikati ya vitufe. Iliwaka kwa shida. Kijiji chetu kilikuwepo, mikorosho yote, mabibo yote, mama na ndoo. Nikamtembeza mtoto wa bluu mpaka mlangoni akagota, kisha nikafanya ambalo Issa alinikataza: nikafungua upande wa watengenezaji, nikasogeza ramani, nikatazama ndani ya uzio.

Hapakuwa na kitu. Miraba mitupu ya kijivu, kama siku ya kwanza. Sijui nilitarajia nini. Nadhani sehemu fulani yangu iliamini miaka yote kwamba mjomba alichora, akaficha.

Nilikaa nikiutazama ule utupu, na ndipo maneno ya Issa yakanirudia jinsi alivyoyasema, si jinsi tulivyoyasikia. Hakusema nataka kuona. Mimi ndiye niliyetaka kuona. Mjomba ndiye aliyeogopa kuonesha. Issa kila mara alisema nitoke. Naingia kidogo, natoka. Na kutoka hakujawahi kuwa siri. Kutoka tunakuona hata sisi wanawake, hata vichanga mgongoni. Ilitosha mtoto apotee mlangoni, kioo kiwe cheusi kwa muda, halafu atokee upande wa pili akiwa na kanzu. Wala haitaki nyongeza. Inataka mistari michache ambayo mjomba angeiandika akiwa anatafuna viazi pori vya ming'oko.

Nikaiandika. Nilipomaliza chai yangu ilikuwa bado ya moto. Kioo kikawa cheusi, ndoo ya bati ikaanza kulia, midundo ya Issa yenyewe, vijiti vyake, na mtoto akatokea na kanzu nyeupe. Juu ya kichwa chake paliandikwa Mchezaji.

Hapo nikakwama, na nimekwama mpaka sasa. Kompyuta haikuwa na lawama, wala mtandao, wala bando. Alichokitaka Issa, kile kimoja, kilikuwa jina. Mjomba angeweza kumpa akiwa amekaa kwenye kigoda, bila mashine, bila kuufungua mlango wowote, siku yoyote ya Ijumaa. Lazima alikuwa nalo, mjomba hawezi kuwa na mpwa wa umri ule asiwe ameshamchagulia. Lilikuwa kwenye mdomo wa mtu mmoja duniani, na mdomo huo tumeufukia juzi.

Niliipeleka Mkunya Jumapili. Mama amezeeka, lakini bado anabangua. Nilimkuta juu ya tangi, nikamwamkia, nikaweka kompyuta kwenye saruji mbele yake bila kumweleza. Alipoona mikorosho alisogea. Alipomwona mwanamke mwenye ndoo alisema, "Mimi huyo," akatabasamu. Mtoto akaenda, akafika mlangoni, kioo kikawa cheusi. Ngoma ikaanza. Kisha kikasikika kigelegele, chembamba mwanzoni, halafu kikapanda, cha mwanamke kijana mwenye meno yote, na mama akajishika koo.

Alikisikiliza mpaka kikaisha. Mtoto mwenye kanzu alikuwa amesimama nje ya uzio, anatutazama. Mama akajifuta mikono kwenye kanga, akaketi wima, akauliza kwa ile sauti inayoulizia, ile ya kumtazama mwanao kama humjui:

"Anaitwa nani sasa?"

Nilitazama kisanduku. Nilikuwa na njia nzima ya kutoka Masasi ya kufikiria jina, na nilifikiria mengi, na hakuna hata moja ambalo mimi nina haki ya kulitoa.

"Issa, mama."

Mama akavuta ungo wake, akachukua korosho moja, akaiweka juu ya jiwe.

"Basi huyo hajatoka," akasema.

Njiani jirani alikuwa anapita na kuni kichwani. Alisimama kwenye ua, akaita, "Hodi hapa, Mama Issa."

"Karibu," mama akajibu.